Kabla ya Bango: Namna ya Kuandaa Tamasha la Filamu Huru na Katuni Chuoni

Vikao vya kuandaa tamasha la filamu chuoni mara nyingi huanza na maswali matatu: nani awe mgeni rasmi, bango achore nani, na fulana ziwe za rangi gani. Yote hayo yana nafasi yake. Lakini mwanafunzi aliyechora picha zaidi ya elfu mbili ili apate katuni ya dakika tatu hakuja kutazama fulana. Amekuja kuiona kazi yake kwenye skrini kubwa, mbele ya watu wasiomjua, sauti ikisikika kama alivyoichanganya mwenyewe. Akipata hilo, mwakani atarudi na wenzake. Akilikosa, hakuna hotuba itakayomrudisha. Ushauri wote ninaoutoa hapa umejengwa juu ya jambo hilo moja: panga kwanza yanayoigusa filamu na mtu aliyeitengeneza, mengine yafuate.

Amua ukubwa kabla ya kutangaza

Tamasha la chuo si lazima liwe kubwa ndipo lidumu. Tamasha la filamu la Ann Arbor, katika jimbo la Michigan, Marekani, lilianzishwa mwaka 1963 na George Manupelli, mwalimu wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Michigan. Alikuwa na filamu za majaribio ambazo kumbi za biashara hazikuwa na haja nazo, ukumbi wa chuo, na mashine ya mkanda wa milimita 16. Mwaka uliofuata, 1964, sehemu ya filamu hizo ikaanza kuzungushwa katika miji mingine. Tamasha hilo lipo hadi leo. Huko Stuttgart, Ujerumani, tamasha la katuni lililoanza mwaka 1982 lilizaliwa ndani ya chuo cha sanaa cha mji huo, likiongozwa na Profesa Albrecht Ade. Miaka tisa baadaye, mtu huyohuyo akawa mkuu wa kwanza wa chuo kipya cha filamu cha Ludwigsburg, jirani na hapo. Kwa maneno mengine, walimu wawili na funguo za ukumbi walitosha kuanzia.

Kwetu tunalo tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998 na ambalo kwa miaka mingi limekusanya watu Ngome Kongwe, Zanzibar. Tamasha la chuo lisijaribu kushindana nalo. Nguvu ya tamasha la chuo iko kwingine: linaweza kuonyesha filamu ya kwanza ya mtu, ya dakika nne, yenye wazo zuri na mwanga mbaya, kisha likamweka aliyeitengeneza azungumze na watazamaji waliosoma sanaa, uhandisi, sheria na kilimo. Hakuna sinema ya mjini inayoweza kumpa kijana watazamaji wa aina hiyo.

Kwa mwaka wa kwanza nashauri siku mbili na maonyesho manne, kila onyesho dakika 75. Filamu za wastani wa dakika tisa au kumi zitaingia saba au nane kwa onyesho, jumla karibu 30. Hizo ni nyingi kuliko zinavyosikika, na kamati ya wanafunzi wanane inaweza kuzihudumia vizuri, kila mtengenezaji akajulikana kwa jina na filamu yake ikapimwa kwenye mitambo kabla ya siku yenyewe. Ukipanga siku tano na filamu 120, hapo hata kujibu barua pepe kutakushinda.

Tarehe ichaguliwe kwa kalenda ya chuo, si kwa nafasi ya mgeni rasmi. Epuka wiki tatu kabla ya mitihani ya kumaliza muhula, na wiki ya kwanza ambapo wanafunzi wako kwenye foleni za usajili. Ukitaka siku yenye maana kwa wachora katuni, ipo: tarehe 28 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Katuni, inayokumbuka siku hiyo mwaka 1892 jijini Paris ambapo Émile Reynaud aliwaonyesha watu waliolipa kiingilio michoro yake ikitembea kwenye skrini, miaka mitatu kabla ya sinema ya ndugu Lumière. Vyuo vya Kenya wakati huo viko katikati ya muhula. Vyuo vingi vya Tanzania hufungua kati ya Oktoba na Novemba, kwa hiyo huko siku hiyo inafaa kwa onyesho dogo la jioni moja la kuwakaribisha mwaka wa kwanza, na tamasha lenyewe lisubiri.

Wito wa filamu

Wito uandikwe kwenye ukurasa mmoja. Mwenye filamu anataka kujua mambo machache: nani anaruhusiwa kuleta, urefu wa juu ni dakika ngapi, filamu iwe imekamilika tangu lini, mwisho wa kupokea ni lini, na atajibiwa lini. Hilo la mwisho ndilo husahaulika kuliko yote. Weka tarehe ya jibu na uitimize, hata kwa waliokosa.

Usitoze ada. Najua matamasha mengi duniani hutoza, na ipo mitandao kama FilmFreeway inayorahisisha kukusanya filamu pamoja na malipo. Lakini mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret aliyekopa kamera hana kadi ya benki ya kulipia dola. Ukitumia mtandao wa namna hiyo, weka wito wa bure, na uandike wazi kuwa ni kwa wanafunzi na watengenezaji huru wa Afrika Mashariki. Usipoweka mpaka huo utapokea mamia ya filamu kutoka kila pembe ya dunia, nyingi zikiwa zimetumwa na watu wasiosoma masharti, na wachaguzi wako watachoka kabla hawajafika kwenye kazi ya jirani yao. Filamu za nje ziwe onyesho moja la wageni, nawe mwenyewe uziombe kwa barua.

Kwenye fomu, pamoja na jina na urefu, uliza vitu viwili ambavyo vitakuokoa baadaye. Cha kwanza: muziki uliomo umeupataje? Filamu nyingi za wanafunzi zina wimbo wa msanii maarufu ambaye hajui kama wimbo wake umetumika. Cha pili: kama filamu si ya Kiswahili, ina maandishi ya tafsiri? Ukijua mapema, kuna muda wa kumsaidia mtengenezaji aombe ruhusa, abadilishe muziki, au atafsiri. Wanafunzi wa isimu na tafsiri wako humohumo chuoni, na kazi ya maandishi ya filamu ya dakika kumi ni zoezi zuri la semina. Filamu ya Kisukuma au Kidholuo iliyotafsiriwa vizuri kwa Kiswahili ni zawadi kwa ukumbi mzima.

Kuchagua na kupanga

Kila filamu itazamwe na watu wasiopungua wawili, kila mmoja peke yake, mpaka mwisho. Wasitazame kwa simu ndani ya daladala. Kisha wakutane na kubishana. Alama za karatasi husaidia kuondoa zile dhaifu kabisa, lakini haziwezi kuchagua filamu nzuri, kwa sababu filamu ambayo wote wameipa saba kati ya kumi mara nyingi inasahaulika kesho yake, na ile aliyoipa mmoja tisa na mwingine nne ndiyo itakayozungumzwa bwenini.

Katuni zina hesabu zake, na mchaguzi asiyezijua atazionea. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Wachoraji wengi huacha kila mchoro ukae fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja inahitaji michoro 12. Dakika tatu ni michoro 2,160. Ndiyo maana katuni ya mwanafunzi ni fupi, na ndiyo maana kuipima kwa urefu ni kumdhulumu. Tazama mwendo: mhusika ana uzito anapokanyaga? Akigeuka, kichwa kinatangulia au mwili wote unageuka kama mlango? Anapofikiri kabla ya kutenda, tunamwona akifikiri? Hayo ndiyo ufundi wenyewe, na yanaweza kuwepo kwenye michoro ya penseli isiyo na rangi.

Kosa jingine ni kuzitenga katuni zote kwenye onyesho la watoto la Jumamosi asubuhi. Onyesho la watoto ni jambo jema, na kazi za Ubongo wa Dar es Salaam zimewafundisha watoto wetu hesabu kwa Kiswahili tangu 2014. Lakini Ng'endo Mukii wa Kenya alitumia katuni katika Yellow Fever ya mwaka 2012, kazi yake ya kumalizia masomo, kuzungumzia wanawake wanaojichubua ngozi, na hiyo si filamu ya kumtazamisha mtoto wa darasa la pili akiwa peke yake. Mwaka 2023 yeye na Raymond Malinga wa Uganda walikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni kumi kutoka nchi sita za Afrika. Changanya katuni na filamu za waigizaji ndani ya onyesho moja la watu wazima. Watazamaji watajifunza wenyewe kwamba uchoraji ni njia ya kusema jambo zito.

Katika kupanga mfuatano, anza na filamu fupi yenye mvuto, dakika nne au tano, kwa sababu watu watakuwa bado wanaingia. Isiwe ile bora kuliko zote, maana nusu ya ukumbi wataikosa. Filamu nzito ya msiba au ukatili isifuatiwe mara moja na kichekesho. Ziwekee katikati kitu cha utulivu, na hapo katuni isiyo na maneno hufanya kazi vizuri sana. Ndefu kuliko zote ikae nafasi ya pili kutoka mwisho. Ya mwisho iwe ile itakayowatoa watu mlangoni wakizungumza. Kati ya filamu na filamu acha sekunde 15 hadi 20 za skrini nyeusi, watu wapige makofi. Mtengenezaji aliyekaa safu ya nyuma anayasubiri makofi hayo.

Giza, picha na sauti

Hapa naomba msomaji atulie, kwa kuwa ndipo matamasha mengi ya vyuo yanapoharibikia.

Ingia kwenye ukumbi mnaoutaka saa ileile mtakayoonyesha. Kumbi zetu nyingi zimejengwa kwa ajili ya hewa na mwanga: madirisha makubwa pande mbili, vioo vya kupindua, mapazia mepesi. Saa tisa alasiri, filamu yenye mandhari ya usiku ikiwekwa humo inakuwa kitambaa cha kijivu chenye sauti. Watu hudhani dawa ni projekta yenye nguvu zaidi. Dawa ya kwanza ni giza. Projekta ya kawaida ya lumeni 3,000 hadi 4,000 hutoa picha nzuri ya upana wa mita tatu na nusu gizani. Yenye nguvu mara mbili ya hiyo haitafua dafu mbele ya dirisha lililo wazi. Nunua plastiki nyeusi ya mkulima au kitambaa kizito cha bitana, mfunike kila dirisha siku moja kabla, kisha zimeni taa mtazame kama mwanga unapenya juu ya mlango. Mkifunga madirisha fikirieni pia joto: watu 200 ndani ya ukumbi uliozibwa watahitaji feni, na feni zina kelele. Zijaribuni zikiwa zinazunguka, filamu ikiwa inacheza.

Kama hakuna ukumbi wa kufaa, toka nje. Uwanja wa nyasi, ukuta mweupe au turubai lililokazwa vizuri, na usiku. Katika pwani yetu ikifika saa moja na robo usiku giza limekamilika. Mwanza jua huchelewa karibu nusu saa, Kigoma zaidi ya hapo. Panga mwanzo baada ya swala ya Magharibi, na kama ni maonyesho mawili mafupi, mapumziko yaangukie Isha. Ukipanga hivyo hutamlazimisha mtu achague kati ya swala na filamu ya rafiki yake.

Skrini iwe juu. Kwenye sakafu isiyo na mteremko, ukingo wa chini wa picha uwe angalau mita moja na nusu kutoka chini, la sivyo maandishi ya tafsiri yatafichwa na vichwa vya waliokaa mbele. Projekta iwekwe katikati na usawa wa skrini kadiri inavyowezekana. Ikiwekwa pembeni, picha hupinda, na ile kazi ya projekta ya kunyoosha picha kwa programu hupunguza ukali wa mistari, jambo ambalo mchora katuni ataliona mara moja. Ondoa mpangilio wa rangi kali unaotumika kwa mikutano, uweke ule wa sinema. Picha itaonekana hafifu kidogo kwa dakika mbili za kwanza, kisha macho yatazoea na rangi za ngozi zitarudi kuwa za watu.

Waombe watengenezaji faili, si kiungo cha intaneti. MP4 yenye ukubwa wa pikseli 1,920 kwa 1,080 inatosha. Kila mmoja alete kwa kasi ya fremu aliyopigia, iwe 24 au 25, bila kubadilisha mwenyewe, kwa sababu ubadilishaji wa haraka hufanya mwendo wa katuni uwe wa kushtukashtuka. Nakili filamu zote kwenye diski mbili, na andaa laptopu mbili zenye orodha ileile kwa mfuatano uleule. Laptopu ya maonyesho izimwe intaneti, masasisho na kila aina ya arifa. Ujumbe wa WhatsApp wa mtu ukitokea juu ya uso wa mhusika anayelia, onyesho hilo limevunjika na halirekebishiki. Waya wa HDMI wa kawaida ukizidi mita 15 huanza kupoteza picha, hivyo kama projekta iko mbali, azima waya wenye kikuza mawimbi, au sogeza laptopu karibu na projekta na mwendeshaji akae hapo.

Sauti ndiyo inayofukuza watu kuliko picha. Mtazamaji atavumilia picha yenye ukungu. Mazungumzo asiyoyasikia yatamtoa nje. Spika za ukumbi wa chuo zimefungwa kwa ajili ya hotuba: ziko juu, zimetawanyika, na sauti hugonga kuta za saruji ikarudi. Ni heri spika mbili nzuri za kukodi, kila upande wa skrini moja, kwa urefu wa vichwa vya watu waliosimama, zikielekezwa katikati ya ukumbi na si ukutani. Mazulia, au hata vitenge vizito vikitundikwa kwenye ukuta wa nyuma, hupunguza mwangwi kwa kiasi cha kushangaza.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo halina gharama. Mkalishe safu ya mwisho mtu ambaye hajawahi kuiona filamu. Cheza dakika moja yenye mazungumzo ya chini kabisa. Mwambie arudie alichosikia, neno kwa neno. Akikosea maneno mawili, ongeza sauti au sogeza spika. Halafu cheza sehemu yenye kelele kuliko zote, uone kama inaumiza masikio. Namba ya sauti iliyofaa iandike kwenye karatasi pembeni ya jina la filamu hiyo, kwa kalamu ya wino. Filamu za wanafunzi hutofautiana sana kwa sauti: mmoja amechanganya kwa spika za studio, mwingine kwa visikizi vya simu. Mwendeshaji mwenye karatasi ile atarekebisha ndani ya zile sekunde 15 za skrini nyeusi, na hakuna mtazamaji atakayejua kulikuwa na kazi.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kuwaka, na projekta ya taa ya zamani ikizimika ghafla bila kupozwa inaweza kuua taa yake. Projekta na laptopu ziunganishwe kwenye UPS, kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika. Jenereta iwe nyuma ya jengo, mbali, na ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo wote, spika zikiwemo.

Vibali na haki

Ndani ya chuo utahitaji barua kwa mshauri wa wanafunzi, kwa ofisi ya majengo na kwa walinzi. Walinzi wasisahauliwe, ndio wanaofunga geti. Nje ya chuo, Tanzania ina Bodi ya Filamu, na Kenya ina bodi yake ya kuainisha filamu, KFCB. Kuonyesha filamu hadharani, hata bila kiingilio, ni jambo la kwenda kuwauliza mapema, ukiwa na orodha kamili ya filamu, urefu wake na muhtasari wa kila moja. Kuhusu muziki, ofisi za hakimiliki ni COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya. Nenda kabla ya kutangaza ratiba.

Haki iliyo muhimu zaidi, hata hivyo, ni ile kati yako na mtengenezaji. Mwandikie barua fupi inayosema filamu yake itaonyeshwa lini, mara ngapi na wapi, na kwamba baada ya hapo faili litafutwa au litahifadhiwa kwa ruhusa yake ya maandishi. Kisha tekeleza. Filamu isipite kwenye kundi la WhatsApp, isichomekwe flashi ya mtu, isiwekwe YouTube kwa nia njema ya kuitangaza. Baadhi ya matamasha makubwa hukataa filamu iliyokwisha wekwa wazi kwenye intaneti. Nakala moja iliyovuja kutoka chuoni kwenu inaweza kumfungia kijana mlango wa matamasha hayo.

Usiku wenyewe

Hotuba za ufunguzi zisizidi dakika kumi kwa jumla. Mweleze mgeni rasmi kwa heshima, siku mbili kabla, kwamba ana dakika tano, wengi hushukuru. Bora zaidi, mwombe akae mpaka mwisho wa onyesho la kwanza.

Baada ya kila onyesho waite watengenezaji wote mbele kwa pamoja. Mshereheshaji awe amezitazama filamu, na awe na swali lake moja kwa kila mmoja, linalohusu kazi: kwa nini uliacha kimya kirefu pale? Ile mvua mliitengenezaje? Maswali ya namna hiyo humfungua mtu mwenye haya. "Ulipata changamoto gani?" humpa kila mtu jibu lilelile. Kipaza sauti cha watazamaji kishikwe na mjumbe wa kamati, asimkabidhi mtu mkononi, na mshereheshaji awe na ujasiri wa kumkatiza hata mwalimu anayegeuza swali kuwa mhadhara. "Ahsante, Daktari, tumsikie mwenye filamu" inatosha. Mazungumzo yawe kwa Kiswahili pale ambapo wengi wanakizungumza. Msichana wa mwaka wa pili aliyenyamaza katika Kiingereza huwa na mengi ya kusema katika lugha yake.

Maliza mapema. Saa tatu na nusu usiku watu wawe wanatoka, daladala zikiwepo na mabweni yakiwa wazi. Kamati iwajibike kuhakikisha wanaokaa nje ya chuo, hasa wasichana, wana namna ya kufika nyumbani. Tamasha linaloisha saa sita usiku limewafungia nje nusu ya watazamaji wake bila kutamka.

Mchana, warsha

Mchana ambapo hakuna onyesho hamhitaji giza, basi tumieni mwanga. Warsha ya katuni inahitaji simu, rundo la vitabu la kuishikilia, meza, taa moja isiyohamishwa, na udongo wa mfinyanzi au vipande vya karatasi. Kikundi cha watu wanne kikipiga picha 120, kila mara wakikisogeza kitu kidogo, wanapata sekunde kumi za filamu. Alasiri moja inatosha, na sekunde kumi za kila kikundi zionyeshwe usiku uleule kabla ya onyesho kuu. Wanaotaka kuendelea waonyeshe programu za bure: Krita ya kuchorea, OpenToonz, na Blender. Waambie kwamba Flow, katuni ya Gints Zilbalodis wa Latvia iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu hiyohiyo wanayoweza kuipakua kwenye maabara ya chuo bila kulipa.

Kama mtatoa tuzo, ziwe chache na za kutumika: diski ya kuhifadhia kazi, kibao cha kuchorea, siku kadhaa za kutumia vifaa vya idara. Majaji watatu wanatosha, mmoja wao awe mchora katuni. Na fedha mliyotenga kwa vikombe vya kung'aa ipelekwe kwenye nauli za watengenezaji wa mikoani. Filamu yenye mwenyewe ukumbini ni bora kuliko kikombe kilichopokelewa kwa niaba.

Wiki moja baada ya tamasha, kila mtengenezaji awe amepata barua ya shukrani yenye jina lake lililoandikwa sawasawa, idadi ya waliotazama, na picha moja ya ukumbi ukiitazama filamu yake. Ataihitaji anapoomba nafasi kwingine. Kwa ruhusa yao, chagueni filamu sita au saba, mzipeleke kwenye shule za sekondari za jirani na kampasi nyingine, kama walivyofanya wale wa Ann Arbor katika mwaka wao wa pili.

Nimalizie kwa wakuu wa idara na wasimamizi wa majengo. Wanafunzi wenu wana filamu tayari, ziko kwenye simu na diski zao, na wengi wamekosa mahali pa kuzionyesha. Wakija na barua ya kuomba ukumbi kwa jioni mbili, tieni saini barua hiyo siku hiyohiyo, wapeni fundi wa umeme na funguo za stoo ya spika, kisha njooni mketi nao mtazame.